Mgonjwa Hahitaji Hakimu

Mara nyingi tunapokwenda kumjulia hali mgonjwa au kuhani msiba, hutokea mmoja wetu akamnong'oneza mwenziwe: "Ya nini kulalamika? Bila shaka ipo dhambi anayoilipia." Msemaji hudhani kwamba anaitetea haki ya Mungu. Je, Biblia inampa idhini hiyo?

Wasemao hivyo huegemea kitabu cha Maombolezo, sura ya 3, mstari wa 39, ambapo mwandishi anauliza kwa nini mtu aliye hai anung'unikie adhabu ya dhambi zake. Ni swali zito. Lakini tumtazame mwenye kuliuliza. Wababeli walikuwa wameubomoa mji wa Yerusalemu, yapata mwaka 586 kabla ya Kristo, na watoto walikuwa wamezimia kwa njaa njiani. Mwandishi huyo hakuwa mgeni aliyekuja kuhani, alikuwa mfiwa. Alipoungama alisema "sisi", wala hakumnyoshea jirani kidole. Tena katika sura hiyo hiyo anamlalamikia Mungu waziwazi kwamba sala yake haipenyi. Kumbe toba na kilio huweza kutoka katika kinywa kimoja.

Rafiki watatu wa Ayubu waliketi naye kimya siku 7, na huo ndio uliokuwa wema wao. Walipofumbua vinywa, walimshurutisha akiri makosa asiyoyatenda. Ayubu naye alikaripiwa na Mungu, lakini mwishowe rafiki zake ndio waliohitaji kuombewa naye.

Yesu alipoulizwa ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, hakukubali kuwa ni yake wala ya wazazi wake. Na juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema hawakuwa wakosaji kuliko wenzao. Akawageukia wasikilizaji, akawataka watubu wao.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Dhambi yangu ni juu yangu kuiungama. Si kazi ya jirani kuitafuta kitandani pangu. Na anayemlilia Mungu hajamwacha Mungu.

Basi leo Jumapili, ukienda hospitali, chukua uji, keti, usikilize. Hukumu iache nyumbani. Wala huko usiikalie, mwachie mwenyewe.