TV YAKO SIYO FEKI, MDAU! HDCP INAMTESA ALIYELIPIA, MWIZI ANAKULA RAHA

Kuna dada mmoja hapa mjini, jina kapuni, ambaye kila mwenye bando anamjua. Ana wafuasi kibao, ana kope ndefu, na siku hizi ni balozi wa duka moja la vifaa vya umeme pale Kariakoo. Juzi kati shabiki wake mmoja, kijana wa Mbagala, alimwandikia kwa adabu zote: "Dada samahani, nimechukua TV inchi 55 kupitia tangazo lako. Nikichomeka kile kiboksi cha muvi inakuja nyeusi, inaandika mambo ya HDCP. Nifanyeje dada yangu?"

Dada akapiga picha ya ujumbe ule, akauanika kwa wafuasi wake na viemoji vya kucheka, halafu akaandika: "Mdogo wangu, unanunua TV ya maana unaichomeka na waya wa buku mbili, unategemea nini? Vitu vizuri vinataka hela."

Basi mji ukacheka. "Umasikini mbaya jamani." "Arudi kwenye chogo lake." "TV ya mkopo hiyo." Kijana wa watu kwa aibu akarudi dukani, akauziwa waya wenye vichwa vya rangi ya dhahabu kwa elfu arobaini. Akafika home, akachomeka. Nyeusi vilevile, maneno yaleyale.

Elfu arobaini imeenda. Heshima nayo imeenda. Na kumbe tatizo halikuwa waya hata kidogo.

Huo ndio mchezo unaochezwa mjini sasa hivi. Kufuli limewekwa na matajiri wa mbali, likigoma anachekwa mnunuzi wa Mbagala, na kuna mtu dukani anapata chake juu ya aibu hiyo. Inabidi lisemwe.

HII HDCP NI MDUDU GANI?

Chukulia ni baunsa wa klabu. Kiboksi chako cha muvi, king'amuzi, deki ya Blu-ray au laptopu ndiyo klabu yenyewe. TV ni mgeni anayetaka kuingia. Kabla picha haijatoka, baunsa anasema: toa kitambulisho. TV inatoa namba zake za utambulisho, vinasalimiana kimyakimya ndani ya ule waya wa HDMI, wakikubaliana picha inapita ikiwa imefungwa kwa siri ambayo TV ile tu ndiyo inaweza kuifungua.

Mpaka hapo siyo mbaya. Balaa linaanza mkiwa wengi. Ukipitisha picha kwenye spika ya chini ya TV, au kwenye kile kidude cha kugawa HDMI moja iwe mbili, baunsa anadai kitambulisho kwa kila mmoja. Akikuta mmoja hana, au anacho cha zamani, anafukuza kundi zima. Hajali kwamba tiketi umelipa. Hajali kwamba TV ni mpya dukani. Kioo kinakuwa cheusi, au kinapiga chenga, au kinawaka na kuzima kila baada ya sekunde kadhaa, au unaletewa maandishi ya kimombo yasiyosema lolote la kukusaidia.

Kingine ambacho watu wa dukani hawakwambii: waya wa kawaida wa HDMI hauna HDCP ndani yake. Kitambulisho kinakaa kwenye chipu, ndani ya TV na ndani ya kiboksi. Waya ni barabara tu. Ukiwa umekatika, umelegea au ni mrefu kupitiliza, salamu zinaweza kukwama njiani, hilo ni kweli. Ila waya mzima wa bei ndogo na waya mzima wa dhahabu, kwa baunsa ni barabara ileile. Anayekuuzia dhahabu kama dawa ya HDCP anakuuzia mkufu wa kumvalisha bomba.

KUFULI LILISHAVUNJWA ZAMANI

Hapa ndipo inapouma. HDCP ilibuniwa na kampuni ya Intel ya Marekani mwaka 2000, ili muvi zisinakiliwe zikiwa zinasafiri kutoka kwenye mashine kwenda kwenye kioo. Haukupita hata muda. Mwaka 2001 mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Niels Ferguson, akasema ameshaona namna ya kulivunja. Ila akagoma kuchapisha kazi yake, akihofia sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayobana watu wanaovunja kufuli za hakimiliki. Yaani mtu kagundua kufuli bovu, halafu anayeogopa kufungwa ni yeye.

Mwaka 2010 mwezi wa 9 ikawa kubwa kuliko. Ule ufunguo mama wa HDCP, unaoweza kuzaa vitambulisho vingine vyote, ukamwagwa mtandaoni. Intel wenyewe wakathibitisha kwamba ndio wenyewe.

Sasa mtu wa kawaida angesema, basi, kufuli limekufa, waacheni watu waangalie muvi zao. Wapi! Kufuli la zamani likaendelea kudaiwa majumbani, na mwaka 2013 likaja lingine juu yake, HDCP 2.2, kwa ajili ya picha za 4K. Waliokuwa wamewahi kununua TV za mwanzo za 4K, tena kwa hela ndefu, baadhi wakajikuta nje ya mlango. TV ina 4K, muvi ina 4K, hela imelipwa, ila chipu haina kitambulisho kipya, na chipu haiongezewi kwa kupakua programu.

Wala usidhani ni mambo ya uswazi. Mwaka 2008, huko Marekani, watu waliokuwa wametoka kununua laptopu mpya za Apple walijikuta muvi walizolipia kihalali iTunes zinagoma kuonekana kwenye projekta na vioo vya nje. Sababu ni hiyohiyo, baunsa. Kwa hiyo yule dada anayesema ni umasikini, aje awaambie na hao.

MWIZI HAPITI KWENYE HUO MLANGO

Twende Kariakoo, twende Manzese, twende popote penye meza yenye kompyuta na bango la "tunaweka muvi na sizoni". Unaenda na flashi, unatoa hela ndogo, unajaziwa muvi mpya mpaka zingine zimetafsiriwa. Unachomeka flashi nyuma ya TV. Inapiga. Haina HDCP, haina kitambulisho, haina salamu. Faili lililoibwa halimuulizi mtu kitu.

Sasa pima mwenyewe. Aliyelipia huduma ya kila mwezi, kanunua bando, kanunua kiboksi halali, anakutana na kioo cheusi. Aliyejaza flashi kwa hela ya chipsi kavu anaangalia muvi yote miguu juu. Hili kufuli linamfundisha mtu nini kama siyo kwamba kulipa ni ushamba?

Watakuja watetezi. Yupo prodyuza mmoja wa Bongo Movi, naye jina kapuni, anapenda kusema kwenye mahojiano kwamba wanaolalamikia kufuli ni wezi wanaotaka vya bure. Hoja yake ina uchungu wa kweli na isibezwe. Wasanii wa filamu hapa nchini wameumizwa sana. Kazi ya miezi inatoka asubuhi, jioni iko kwenye sidii feki stendi. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, COSOTA wapo, mpaka stempu za TRA zikabandikwa kwenye makava ya muvi, na bado watu wakaliwa.

Lakini prodyuza ajibu swali moja tu. Ni muvi ipi ya Kibongo iliibwa kupitia waya wa HDMI sebuleni kwa mtu? Waliomuibia walichoma sidii kutoka kwenye sidii. Leo wanakopi faili kutoka kwenye faili. HDCP haijawahi kusimama kwenye njia hizo hata siku moja. Kumtetea baunsa wa mlango wa mbele wakati wezi wanaruka ukuta wa nyuma siyo kumtetea msanii. Ni kumchosha mteja, na mteja akichoka anaenda kwenye meza ya flashi. Anayepoteza hapo ni huyohuyo msanii.

KABLA HUJATOA HATA MIA, FANYA HIVI

Hivi ndivyo dada balozi alipaswa kumjibu yule kijana, na havigharimu kitu.

Kwanza, zima vyote na uchomoe kwenye umeme, siyo kuzima kwa rimoti. Subiri dakika chache. Washa TV kwanza, kisha spika kama ipo, kiboksi kiwe cha mwisho. Hapa kwetu umeme ukikatika na kurudi, vifaa vinawaka vyote kwa mkupuo, salamu zinagongana, picha inagoma. Mara nyingi hii peke yake inatosha.

Pili, ondoa kila kitu cha katikati. Kidude cha kugawa, spika, chochote. Kiboksi kiende moja kwa moja kwenye TV. Picha ikija, umeshamjua mchawi, ni yule uliyemtoa.

Tatu, hamisha tundu. Matundu ya HDMI nyuma ya TV hayafanani. Kwenye TV nyingi za mwanzo za 4K ni tundu moja au mawili tu yenye HDCP 2.2. Soma maandishi madogo pembeni ya tundu au kwenye kitabu chake.

Nne, kwenye mipangilio ya kiboksi shusha picha kutoka 4K iwe 1080. Ikikubali, huenda kuna kifaa kwenye msafara wako kisicho na kitambulisho kipya. Halafu sasisha programu ya TV na ya kiboksi.

Tano, kama ni laptopu, acha kuonyesha vioo viwili kwa pamoja, chagua kioo cha TV peke yake. Na kama umetumia kidude cha kugeuza HDMI kwenda VGA au kwenda zile waya za njano, nyekundu na nyeupe, usishangae. Njia hizo za zamani hazina HDCP kabisa, muvi ya kulipia ina haki ya kugoma.

Sita, wale wa gemu. Kwenye PS4 na PS5 kuna sehemu ya kuzima HDCP ili mtu arekodi gemu lake. Ukiizima, programu za muvi hazifanyi kazi mpaka uiwashe tena. Angalia usije ukawa umejifungia mwenyewe.

Waya unakuja mwisho, na unaazima kwa jirani kwanza. Ukifanya kazi wa jirani, ndipo ununue, tena mfupi na wa bei ya kawaida.

Kijana wa Mbagala tatizo lake lilikuwa namba mbili. Spika yake ilikuwa ya zamani, mtumba mzuri tu, lakini ilikaa katikati ya kiboksi cha 4K na TV ya 4K bila kuwa na HDCP 2.2. Fundi wa mtaani kwao alichomeka kiboksi moja kwa moja kwenye TV, sauti akaitoa kwenye TV kurudi kwenye spika kupitia tundu lililoandikwa ARC. Dakika kumi. Alichukua hela ya soda.

KWA MABALOZI NA WENYE MADUKA

Mnaposhika TV na kutabasamu mbele ya kamera, mnakopesha jina lenu kwa watu wanaowaamini. Wengi wao wamecheza vikoba, wamekopa, wamelala njaa kupata hiyo TV. Kumcheka mtu kama huyo kwa kosa la chipu ni ushamba ambao kope hazifichi.

Wenye maduka nao waache janja. Mteja anayechukua TV ya 4K aambiwe ni tundu lipi lina HDCP 2.2. Anayenunua TV ya mtumba aambiwe wazi kama ni ya kabla ya kufuli jipya. Akija na kiboksi chake, kichomekwe palepale dukani aone picha kabla hajatoa pesa. Na waya ukishindwa kutibu ugonjwa uliouzwa kuutibu, hela irudi, siyo "bidhaa ikishauzwa hairudishwi".

Na wenye muvi zenu huko mbali, sikieni. Mtu aliyewalipa siyo mtuhumiwa. Mkiendelea kumpekua sebuleni kwake, mbele ya mke wake na watoto, ataitoa flashi mfukoni na hatarudi tena.

Mdau, wewe TV yako ilishakugomea? Uliuziwa nini kisichosaidia, na mwisho ulitatuaje? Dondosha komenti hapo chini, kuna mtu kakaa mbele ya kioo cheusi usiku huu, jibu lako litamwokolea elfu arobaini. Povu ruksa, matusi hapana.