WARUMI NA WAMONGOLI: NAYAKANUSHA MANENO YANGU



Bila shaka wengi wenu mwaukumbuka mdahalo wa chama chetu muhula uliopita, mada ikiwa "Wamongoli walifanikiwa kuliko Warumi." Mimi ndimi niliyekuwa msemaji mkuu wa upande wa Wamongoli. Nilipigiwa makofi hadi madawati yakataka kuvunjika, na tukashinda. Leo nashika kalamu kukiri kwamba hatukustahili.

Hoja yangu ilikuwa ramani. Genghis Khan aliyaunganisha makabila ya wafugaji mwaka wa 1206, na katika karne hiyo hiyo wajukuu wake wakatawala nchi za ukubwa wa kilomita za mraba milioni 24 hivi. Warumi, hata walipofikia kilele chao mwaka wa 117 chini ya Trajan, walikuwa na kama milioni 5 tu. Nikauliza kwa madaha, "Ishirini na nne na tano, ipi kubwa?" Ukumbi ukalipuka. Hesabu ya darasa la kwanza hiyo!

Ndipo mwenzetu mmoja wa kidato cha pili akainuka akauliza, "Je, waliotawaliwa walijiita nani?" Tulimzomea akaketi. Swali lile limeninyima usingizi.

Siwanyimi Wamongoli haki yao. Walikuwa na vituo vya tarishi njiani, farasi wabichi wakingoja, habari zikivuka Asia kwa kasi ya ajabu. Wafanyabiashara walisafiri mbali chini ya ulinzi wao. Lakini jamani, kuteka si kukaa. Möngke alipofariki mwaka wa 1259, ndugu wakagombea kiti na dola ikagawanyika mapande manne. Miaka 53 tu! Huko Uajemi, Ghazan alisilimu mwaka wa 1295. Huko China, ukoo wa Kublai ulifurushwa mwaka wa 1368. Na mgeni chini yao aliweza kuwa karani, hata waziri, lakini ukhan ulikuwa wa uzao wa Genghis peke yake.

Na Warumi je? Hawakuwa malaika, la hasha! Mwaka wa 146 K.K. waliibomoa Carthage na kuwauza utumwani watu waliosalia. Ila baadaye walimfungulia mlango yule yule waliyemshinda. Septimius Severus, aliyezaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo, alikuwa mtawala wa Roma tangu 193 hadi 211. Naam, mzaliwa wa Afrika! Mwanawe, Caracalla, akatoa uraia mwaka wa 212 kwa karibu watu wote huru wa dola hiyo. Najua mwalimu wetu wa historia atasema alikuwa akitafuta kodi tu. Na iwe hivyo. Mtu wa Misri au wa Syria alipata kusema, "Mimi ni Mrumi," na hakuna aliyemcheka.

Tena kumbe neno lenyewe lilidumu kuliko mji! Utawala wa magharibi ulikwisha mwaka wa 476, lakini wa mashariki, kule Constantinople, uliendelea hadi 1453. Watu wale walizungumza Kigiriki, si Kilatini, na bado walijiita Warumi. Ni nani aliyejiita Mmongoli kule Baghdad, mji ulioteketezwa mwaka wa 1258?

Hata sisi hapa, kila tukihesabu siku za Julai tukingoja likizo ya Agosti, twawataja Julius Caesar na Augustus bila kujua.

Basi wewe ndugu wa kidato cha pili, niwie radhi kwa ile zomeazomea. Nimemwomba mlezi wa chama turudie mada hiyo muhula ujao. Akikubali, mimi nitaketi upande wako.