Presha ya kichwani inayotishia macho ya wanawake: Kuambiwa 'punguza uzito' tu hakutoshi

Kuna ugonjwa ambao mgonjwa akifika kwa daktari, ushauri anaoondoka nao mara nyingi ni wa maneno mawili: punguza uzito.

Tafiti zilizofanyika Uingereza na Marekani tangu 2010 zinaonyesha ushauri huo ni sahihi. Lakini tafiti hizohizo zinaonyesha jambo jingine ambalo halisemwi sana: kumwambia mtu apungue, kisha ukamwacha apambane peke yake, ni tiba nusu.

Na kwa ugonjwa huu, tiba nusu inaweza kumgharimu mtu macho.

Ni ugonjwa gani?

Kwa kifupi madaktari huuita IIH. Ni hali ya presha ya maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo kupanda bila chanzo kuonekana. Ukipigwa picha ya kichwa hakuna uvimbe. Maji yakipimwa hayana maambukizi.

Usiichanganye na presha ya damu. Unaweza kupimwa mkononi ukaambiwa uko sawa kabisa, kumbe ya kichwani iko juu.

Wanaopata zaidi ni wanawake walio katika umri wa kuzaa na wenye uzito mkubwa. Wanaumwa kichwa karibu kila siku, wengine wanasikia mapigo ya moyo masikioni, wengine wanaona vitu viwiliviwili. Kuna wanaoona giza kwa sekunde chache wakiinama au wakisimama ghafla.

Hatari yenyewe iko kwenye macho. Presha hiyo huibana neva inayounganisha jicho na ubongo mpaka inavimba. Ikiachwa, mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona na usirudi tena.

Kidonge kinasaidia, ila kina mpaka wake

Dawa iliyotumika kwa miaka mingi ni asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Hupunguza kasi ya mwili kutengeneza maji hayo. Ajabu ni kwamba kwa muda mrefu ilitolewa kwa mazoea tu, bila jaribio kubwa la kuthibitisha.

Jaribio hilo lilikuja kutangazwa 2014, likiongozwa na Dk. Michael Wall wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Washiriki walikuwa 165, na kati yao wanaume walikuwa 4 tu. Wote walipewa mpango wa chakula wa kupunguza uzito na chumvi. Nusu wakaongezewa asetazolamidi, nusu nyingine vidonge visivyo na dawa ndani.

Baada ya miezi 6, waliomeza dawa waliona vizuri kuliko wenzao, ingawa tofauti haikuwa kubwa. Washiriki 7 hali ya macho yao ilizidi kuwa mbaya. Kati yao, 6 walikuwa kwenye kundi lisilo na dawa.

Lakini kuna kitu dawa haikukiweza: maumivu ya kichwa. Makundi yote mawili yalipata nafuu iliyokaribiana. Yaani kidonge kinalinda macho, ila mgonjwa anaweza kuendelea kuumwa kichwa vilevile, na anayeambiwa "dawa si umepewa?" haonewi huruma.

Upungue kilo ngapi?

Hapa ndipo watafiti wa Birmingham, Uingereza, wameleta majibu mazito.

Mwaka 2010 walichapisha utafiti wa wanawake 25 waliowekwa kwenye mlo mkali wa kalori 425 kwa siku kwa miezi 3. Kwa wastani walipungua karibu kilo 16, na presha ya kichwani ikashuka waziwazi. Ulikuwa ushahidi kwamba uzito ukishuka, presha nayo inashuka.

Shida ni kwamba hakuna anayeweza kuishi na kalori 425. Ni chini ya robo ya chakula cha kawaida cha mwanamke kwa siku.

Ndiyo maana mwaka 2021 likatolewa jaribio jingine, safari hii la wanawake 66 wenye uzito uliopitiliza. Nusu walielekezwa kwenye upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito. Nusu walilipiwa kujiunga na programu ya Weight Watchers, ambako watu hukutana na kufundishwa namna ya kula.

Baada ya mwaka 1, kundi la upasuaji lilikuwa limewazidi wenzao kwa wastani wa kilo 21 za kupungua. Baada ya miaka 2, pengo likafika kilo 26 na ushee. Presha ya kichwani nayo ilikuwa chini zaidi kwa waliofanyiwa upasuaji, na pengo hilo lilizidi kukua.

Uchambuzi wa takwimu hizo ukatoa namba moja ya kukumbuka: ili presha irudi kwenye kiwango cha kawaida, mgonjwa alihitaji kupungua karibu asilimia 24 ya uzito wake. Mwenye kilo 100, ni kilo 24.

Sasa jiulize. Hao wa kundi la pili walilipiwa programu, wakawa na watu wa kuwafuatilia, na bado hawakufika huko. Anayeambiwa tu mlangoni "punguza uzito, rudi baada ya miezi 3" atafikaje?

Sindano mpya: matumaini yapo, ushahidi bado mdogo

Kundi hilohilo la Birmingham lilijaribu pia eksenatidi, sindano ya kisukari iliyo kwenye familia moja na Ozempic. Matokeo yalitoka 2023.

Washiriki walipandikizwa kifaa cha kupima presha ndani ya fuvu. Presha ilianza kushuka ndani ya saa 2 na nusu, muda ambao hakuna aliyeweza kupungua hata gramu. Maana yake dawa inagusa presha yenyewe, haisubiri uzito. Siku za kuumwa kichwa nazo zilipungua.

Ila wanawake hao walikuwa 15 tu. Jaribio kubwa zaidi lililofuata, la kampuni ya Invex Therapeutics ya Australia, lilisitishwa mwaka huohuo wa 2023 kabla ya kufika mwisho.

Huu si mkosi wa mara moja. Marekani kulikuwa na jaribio jingine, SIGHT, la kulinganisha dawa na aina mbili za upasuaji wa kuokoa macho yanayopotea haraka. Nalo lilifungwa mapema kwa kukosa washiriki. Kwa hiyo swali la upasuaji upi ni bora kwa mgonjwa anayepofuka bado halina jibu la uhakika.

Kwetu Afrika Mashariki inahusu vipi?

Inahusu. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha karibu theluthi moja ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Hawa ndio kundi ambalo IIH hulitafuta.

Kuuthibitisha ugonjwa huu kunahitaji picha ya CT scan au MRI, kisha kutolewa maji ya mgongoni na kupimwa presha yake. Wengi wanaogopa sindano hiyo ya mgongo. Lakini bila kipimo hicho, mtu anaweza kutibiwa kipandauso miaka, au kifua kikuu cha ubongo kikapita bila kuonekana.

Asetazolamidi ni dawa ya zamani na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kilicho kigumu kupatikana ni ile sehemu nyingine ya tiba: mtaalamu wa lishe wa kukufuatilia, upasuaji, au sindano ambazo bei yake wengi hatuiwezi. Na ushahidi unasema hiyo ndiyo sehemu inayoshusha presha kwa muda mrefu.

Ufanye nini?

Kama kichwa kinakuuma mfululizo na macho yanaingia giza, usiishie duka la dawa. Nenda upimwe nyuma ya jicho. Ni kipimo cha dakika chache, na uvimbe wa neva huonekana hapo.

Mwambie daktari dawa zote unazotumia. Doksisiklini, baadhi ya dawa kali za chunusi na vitamini A nyingi kupita kiasi vinaweza kupandisha presha hii.

Na ukiambiwa upunguze uzito, uliza maswali mawili: kilo ngapi, na nani atanisaidia? Tafiti zimeshajibu la kwanza. La pili linazisubiri wizara za afya na mifuko ya bima.