Kuku wa Sikukuu

Akina mama wapenzi, mwezi huu tuingie jikoni tumtazame kuku, tangu kuchinjwa hadi kufika mezani. Kazi hii wengi wetu tulifundishwa na mama zetu, nasi huifanya bila kufikiri. Hapo ndipo kosa hupenya.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea, ingawa kazi yetu ni uuguzi. Jumapili moja tulikuwa na wageni kutoka kanisani. Kesho yake watoto wetu wawili wakaanza kuharisha na kupata homa. Tukajiuliza: kuku alichemka zaidi ya saa nzima, vijidudu vimetoka wapi? Ndipo tukakumbuka kibao. Baada ya kumkatakata kuku tulikifuta tu kwa kitambaa, kisha tukakatia nyanya na vitunguu vya kachumbari. Kuku alipita motoni, kachumbari haikupita. Tunamshukuru Mungu watoto walipona, lakini somo hilo hatujalisahau.

Basi, mama, zingatia haya:

1. Kabla ya kuchinja. Usiku uliotangulia usimpe kuku chakula, mwachie maji tu, ili utumbo uwe mtupu usije ukachafua nyama. Kuku anayezubaa, au aliyekutwa amekufa, si wa kuliwa.

2. Kunyonyoa na kupasua. Acha damu imtoke yote. Maji ya kunyonyolea yawe moto sana lakini yasichemke, kwani yakichemka ngozi huiva na kuchanika. Pasua taratibu, nyongo isipasuke ikatia nyama uchungu. Firigisi ipasue, toa uchafu na ubandue ngozi ya ndani.

3. Kuosha. Mwoshe polepole ndani ya beseni, mbali na vyombo safi. Bomba lililofunguliwa kwa nguvu hurusha matone yenye vijidudu kila upande. Kuku wa dukani aliyekwisha kusafishwa hana haja ya kuoshwa tena. Ndimu huondoa harufu, haiui vijidudu.

4. Kachumbari kwanza. Kama una kibao kimoja, kata mboga kabla ya kumgusa kuku, uzifunike na kuziweka kando. Ukimaliza kukata kuku, osha kisu, kibao na mikono kwa sabuni na maji ya moto.

5. Kuivisha. Toboa paja karibu na kiungo. Maji yanayotoka yawe meupe, na nyama ya karibu na mfupa isiwe nyekundu. Kiporo kisikae nje zaidi ya saa 2. Kiweke kwenye friji, na siku ya pili kipashe moto mpaka kifuke moshi.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Ukikosa, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ukiona damu katika choo, macho yamedidimia, au mtoto hawezi kunywa, usingoje kukuche, mpeleke hospitali.

Mama mpenzi, leo kabla hujawasha jiko, kitazame kibao chako. Kikiwa na mifereji mirefu ya kisu isiyosafishika, kimetosha, tafuta kingine. Tukutane mwezi ujao.