Nyumba Ipi Tuikarabati Kwanza?

Msafiri anayetoka Sumbawanga kuelekea Namanyere, akiiacha barabara na kushika njia za mashambani, huenda akakuta katikati ya shamba la mahindi au ulezi kitu kilichosimama mfano wa kichuguu kirefu. Akikikaribia ataona kwamba si kazi ya mchwa. Kina ukuta wa udongo uliochomeka hata ukawa mgumu kama tofali. Chini kina matundu yaliyopangwa kwa kipimo, na pembeni kuna mlango. Kimo chake chaweza kufika mita 3 hivi, na ardhi inayokizunguka imetapakaa mavi ya chuma. Hilo ni ilungu, tanuri la kuyeyushia chuma la Wafipa. Yako mengi katika uwanda ule, na kila mwaka mvua za masika, mizizi ya miti na majembe ya maksai huyapunguza.

Tunaanza na tanuri hili kwa makusudi. Kila yanapozuka mazungumzo ya kukarabati nyumba za kale katika pembe hii ya nchi, wasemaji hawalitaji. Macho yao huteremka ziwani. Huko Kasanga, juu ya rasi inayotazama Ziwa Tanganyika, kuna magofu ya boma la mawe ambalo Wajerumani waliliita Bismarckburg, na ambalo Waingereza waliliteka mwaka 1916. Kaskazini zaidi iko Karema, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Katavi. Hapo maafisa wa Kibelgiji walijenga ngome yao mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawakabidhi Wamisionari wa Afrika. Husemwa kwamba hayo ndiyo majengo ya historia, kwamba ndiyo yatakayoleta wageni, na kwamba tukipata fedha tuanze nayo. Sisi tunaupinga mpangilio huo, na tunataka kueleza sababu zetu waziwazi.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi boma la Kasanga liachwe lianguke kwa kuwa lilijengwa na mkoloni. Wako wanaosema hivyo, na hoja yao huonekana ya kizalendo, lakini ni hoja ya haraka. Mawe ya Kasanga hayakujipanga yenyewe, wala afisa wa Kijerumani hakuyabeba kichwani. Yalibebwa na wenyeji, na jasho lililochanganyika na udongo wa kuta zile ni la babu zetu. Mtu anayelibomoa boma ili kumfuta mkoloni humfuta pia mpagazi. Zaidi ya hayo, anawaondolea wanafunzi wetu ushahidi wa dhuluma yenyewe, na dhuluma isiyokuwa na ushahidi ni rahisi kukanushwa. Boma na lisimame. Lakini lisimame likisema kweli kamili: nani aliamuru, nani alijenga, nani alifungwa ndani yake, na kwa nini.

Ugomvi wetu basi ni juu ya neno "kwanza". Twauliza: kwa nini fikra ya nyumba ya kale inapotujia, tunaona jiwe na wala hatuoni udongo? Jibu, kwa maoni yetu, halipendezi. Tumefundishwa kwamba historia ni kile alichokijenga mgeni, na kwamba alichokijenga mwenyeji ni "mila" tu. Jiwe la mgeni hupewa tarehe na jina, ilhali udongo wa mwenyeji huitwa kichuguu. Hii ndiyo kasumba yenyewe, nayo imedumu miongo mingi baada ya bendera kupandishwa.

Wafipa wenyewe wanalo simulizi linaloieleza hali hii kuliko tuwezavyo sisi. Husimuliwa kwamba zamani mtawala wa Milansi, kijiji kinachohesabiwa kuwa cha kale kuliko vyote nchini Ufipa, alikwenda mawindoni. Nyuma yake wakafika wanawake wageni kutoka mbali, wakakalia kigoda chake, na aliporudi utawala wa nchi ulikuwa umekwisha kushikwa na ukoo mwingine. Lakini Milansi haikufutwa. Mwenyeji alibaki na heshima yake na kijiji chake, na wageni walilazimika kukumbuka daima kwamba walimkuta mtu. Huo ulikuwa mgawanyo wenye busara: hata aliyeshindwa hakupokonywa ukongwe wake. Sisi tunaojiita huru tunafanya kinyume. Kigoda tumekirudisha mikononi mwetu, kisha ukongwe tukamwachia mgeni.

Na ukongwe huo haukuwa wa kinyonge. Ilungu la Kifipa halikuhitaji watu wa kuvuta mivukuto usiku na mchana. Urefu wake uliufanya moto ujivutie hewa wenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa katika matundu ya chini. Mafundi walipakia makaa na mawe ya chuma kwa tabaka, wakauacha moto ufanye kazi kwa siku kadhaa. Bonge lililopatikana lilipelekwa kwenye tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika kulisafisha. Kisha mhunzi akafua jembe, na kwa jembe hilo watu walilima na hata kuolea. Mtaalamu wetu wa mambo ya kale, Bertram Mapunda, ameonyesha katika uchunguzi wake kwamba Ufipa haikuwa na ufundi mmoja tu wa kuyeyusha chuma. Hiyo ni elimu ya hewa, ya joto na ya udongo, iliyofikiwa pasipo darasa la mzungu. Mwalimu wa kemia anayefundisha wanafunzi wake jinsi chuma kinavyotengwa na oksijeni, akitumia picha ya kiwanda cha Ulaya huku ilungu limesimama si mbali na shule yake, hana budi kujiuliza anafundisha nini kingine pamoja na kemia hiyo.

Tutaambiwa kwamba malungu yalikuwa mambo ya kishirikina. Ni kweli fundi alikuwa na kapu lake la dawa. Ni kweli tanuri lilihesabiwa kama bibi arusi, na mafundi walijitenga na wake zao hadi kazi ikamilike. Lakini tuutazame mwiko huu kwa macho ya mtu mzima. Watu walioshughulika na moto usiotakiwa kuachwa, mbali na kijiji, walihitaji nidhamu ya pamoja, nao waliifunga nidhamu hiyo kwa lugha ya ndoa na uzazi, lugha ambayo kila mtu aliiheshimu. Mabaharia na wajenzi wa makanisa makubwa ya Ulaya nao walikuwa na miiko na maombi yao. Hakuna anayependekeza makanisa hayo yaachwe yaanguke kwa sababu hiyo. Jina la mji wa Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni agizo la kuutupa uchawi. Basi na tuutupe, tukianza na ule uchawi wa siku hizi unaowafanya watu katika sehemu nyingi za nchi kuchimba chini ya kuta za Wajerumani wakitafuta hazina za kubuni. Sululu hizo zimedhuru majengo ya kale kuliko kapu lolote la dawa.

Wengine watasema: nchi yenye uhaba wa madarasa na zahanati itakarabatije matanuri? Hoja hii ni nzito, na hatuidharau. Lakini tuichunguze. Kulilinda ilungu hakuhitaji mamilioni. Kunahitaji paa la nyasi juu ya miti minne, mfereji wa kuelekeza maji ya mvua mbali na kitako chake, ua wa kuzuia ng'ombe, na kijiji kilichokubaliana kwamba jembe lisifike hapo. Vitu hivyo vyote hupatikana Ufipa. Kinachokosekana ni nia. Ni kukarabati jumba la mawe ndiko kunakohitaji fedha nyingi, na ajabu ni kwamba wanaotulaumu kwa ubadhirifu hawakuuliza gharama lilipotajwa jumba.

Turuhusiwe hapa kutazama mbali kidogo, si kwa kuiga bali kwa kupima. Scotland ni nchi yenye sifa ya kukarabati majumba ya mashamba, yale makazi makubwa ya mabwana wa ardhi. Mwaka 2007 jumba moja, Dumfries House, lilinunuliwa kwa pauni milioni 45 ili lisitawanywe pamoja na samani zake. Lakini Scotland hiyohiyo ilikuwa na wakulima waliofukuzwa katika nyanda za juu ili kondoo wapate malisho, na vibanda vyao vya mawe na nyasi vikaachwa vikaoza. Kwa muda mrefu jumba la bwana lilikuwa ndilo historia, na kibanda cha mkulima hakikuwa kitu. Ilibidi atokee mwanamke mmoja, Isabel Grant, aliyeanza mwaka 1930 kuonyesha hadharani vyombo na zana za watu wa kawaida, ndipo wengi walipoanza kuelewa kwamba nao walikuwa na historia. Kosa letu, basi, limewahi kufanywa na wengine. Tofauti ni kwamba wao wameanza kulisahihisha.

Na uko mfano ulio karibu nasi zaidi. David Livingstone alizaliwa Blantyre, katika jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, ambamo familia yake iliishi katika chumba kimoja. Naye alianza kazi kiwandani akiwa na umri wa miaka kumi. Jengo hilo la maskini lilifanywa makumbusho mwaka 1929, na baada ya ukarabati mkubwa likafunguliwa tena mwaka 2021. Mtu huyohuyo, katika safari yake ya mwisho mwaka 1872, alipita Ufipa kando ya ziwa, na kumbukumbu zake zinataja pamba na nguo zilizofumwa na wenyeji. Mfumaji wa Scotland amehifadhiwa pamoja na chumba chake. Mfumaji wa Ufipa, aliyetazamwa na msafiri huyohuyo, hana hata ubao wa kuonyesha mahali palipokuwa na kitanda chake cha kufumia. Je, pamba yake ilikuwa hafifu, au ni sisi tulio hafifu wa kukumbuka?

Jambo jingine ni namna ya kukarabati, kwa maana ukarabati mbaya huua kuliko uzembe. Tunawaona watu wa nia njema wakichukua saruji na kupaka ukuta wa kale hadi ung'ae. Saruji ni ngumu wala haipumui. Huyafungia maji ndani ya ukuta wa udongo au wa chokaa, na baada ya misimu michache kinachobaki ni ganda zuri juu ya vumbi. Scotland walijifunza jambo hili kwa hasara, wakarudia chokaa ya zamani. Ukuta wa chokaa utibiwe kwa chokaa, na wa udongo kwa udongo uleule wa kichuguu alioutumia fundi. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Na ndani ya ilungu kuna nini? Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko mvua. Katika miaka ya 1930 bado walikuwapo watu walioishuhudia kazi hii na kuiandika. Baadaye majembe ya kiwandani yalishinda sokoni, moto ukazimika, na mafundi wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Waliobaki leo ni watoto na wajukuu wao, wanaokumbuka majina ya miti ya makaa, nyimbo za kazi na maneno yasiyomo katika kamusi. Ukuta ulioanguka waweza kusimamishwa tena na anayejua ulivyosimama. Ajuaye akishazikwa, tutakuwa na ukuta na tusijue unasema nini.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, malungu yahesabiwe kijiji kwa kijiji, na kazi hiyo wapewe wanafunzi wa sekondari wakiongozwa na walimu wao wa historia. Pili, kila ilungu lililo zima liezekwe na kuzungushiwa ua, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 isomwe katika mikutano ya vijiji, ili mwananchi ajue kwamba kuchimba mahali pa kale bila kibali ni kosa. Tatu, wazee wasikilizwe na maneno yao yaandikwe kwa Kifipa na kwa Kiswahili kabla ya kugusa tofali lolote. Nne, ijengwe ilungu mpya kwa mikono ya vijana, iwashwe na itoe chuma, kwa kuwa ufundi huhifadhiwa kwa kutendwa. Hayo yakitimia, twende Kasanga na Karema tukayatazame mawe yale kama watu wenye nyumba yao.

Karibu na Kasanga, mpakani na Zambia, yako maporomoko ya Kalambo. Upande wa pili wa mto huo wataalamu walichimbua magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na mkono, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba yana umri wa miaka 476,000 hivi. Ujenzi katika eneo hili, basi, haukungoja mtu yeyote kutoka ng'ambo. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Ufipa nyufa tunaziona, udongo wa kuziziba tunao, na wajuao kuukanda bado wako wachache. Masika yajayo hayatangoja tumalize kubishana.