Hewa chini ya meli, ukoga chini ya boti

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi huwa sinywi chai mpaka nijue EWURA wametangaza petroli shilingi ngapi. Nauza dagaa na migebuka mikavu hapa Mpanda mjini, na mzigo wangu unatoka Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, mara nyingine Ikola. Watu hudhani biashara ya samaki ni samaki. Ni petroli. Samaki ziwa linatoa. Petroli inatoka Dar es Salaam kwa lori, inashushwa Mpanda, inamiminwa kwenye madumu na kwenda tena zaidi ya kilomita 100 hadi Karema, na kila inapopumzika bei yake inanenepa.

Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye nahodha wa boti yangu, aliponionyesha kwenye simu meli inayopuliza hewa chini ya tumbo lake ili iteleze na kuokoa mafuta, sikumcheka.

"Shangazi, hii hata sisi tunaweza," akaniambia.

Akachukua mpira wa kumwagilia bustani, akautoboa matundu kwa sindano ya moto, akaukaza kwa kamba chini ya boti, hatua mbili nyuma ya omo. Mdogo wake akakabidhiwa pampu ya baiskeli. Nilikuwepo ufukweni, na nakiri nilikuwa na hamu kuliko wao. Walipokwenda polepole, mapovu yalitoka chini, yakapanda ubavuni kulia na kushoto, yakapasuka juu kama maji ya ugali yanayochemka. Walipoongeza mwendo, machache yaliyobaki yakaifuata propela. Mashine ikapiga mayowe, boti ikalegea, na yule mwenye pampu akaitupa akasema mkono umekufa. Petroli hatukuokoa hata kifuniko.

Jaribio lile halikuvunja fizikia. Ukiwa ndani ya boti iendayo kasi, nyoosha mkono hewani, kisha uchovye vidole majini. Utaelewa bila mwalimu. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, na yananata. Chombo kikubwa kiendacho polepole kinatumia sehemu kubwa ya nguvu zake kujikwangua tu na maji yaliyokigusa. Ukiingiza hewa kati ya chuma na maji, mkwaruzo unapungua. Ila hewa inataka kupanda. Boti yetu ina mkuku na tumbo la mviringo, hivyo hewa inateleza ubavuni na kwenda zake. Meli ya mizigo chini ni bapa kama meza, na hewa ikishaingia pale inakosa pa kukimbilia mpaka ifike tezi.

Gharama nayo ipo. Kila mita kumi za kina maji yanaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, na kompresa ya kushinda mgandamizo huo inakunywa mafuta yale yale inayodai kuyaokoa. Kwa hiyo chombo kinachofaidi ni kile kipana, bapa, kisichozama sana. Mwaka 2010 Mitsubishi ya Japani ilifunga mtambo wake wa kupuliza hewa kwenye meli Yamatai, na haikuichagua kwa bahati nasibu: ni meli pana isiyozama sana, ya kubeba mizigo mikubwa mno. Wanaouza mitambo hii hutaja akiba ya asilimia 5 hadi 10. Muuzaji ni muuzaji, lakini hata nusu ya hiyo ningeipokea kwa mikono miwili.

Kuna jambo moja lililonishangaza. Mwaka 2014 karakana ya Meyer Werft, mjini Papenburg, Ujerumani, ilikabidhi meli ya kitalii Quantum of the Seas, nayo inapuliza mapovu chini yake. Ni karakana ile ile iliyounda meli Graf von Goetzen mwaka 1913, ikaifungua vipande vipande, ikaileta kwa maelfu ya masanduku hadi Dar es Salaam, halafu kwa reli mpaka Kigoma. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, wakiwa wameipaka mitambo grisi nzito isiliwe na kutu. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Wazee wa Karema wamekwea ngazi zake usiku wakitokea kwenye mitumbwi, mizigo kichwani. Waliotuundia ile wamefika kwenye mapovu. Sisi bado tunahangaika na ile ile.

Sasa Serikali imetangaza meli mpya ya mizigo ya tani 3,500 kwa Ziwa Tanganyika, na Karema tuna bandari iliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 47, ikitazamana na Kalemie ng'ambo, upande wa Kongo. Gati lipo, meli ndizo bado chache. Rai yangu ni kwamba habari ya hewa iulizwe mapema, kabla meli haijakamilika. Kutoboa chuma, kupitisha mabomba na kutafuta nafasi ya kompresa baada ya meli kukamilika ni kama kukumbuka dirisha baada ya kupiga lipu. Meli ya ziwani yenye tumbo bapa, inayokwenda Kalemie na kurudi kwa mwendo ule ule, ni ya kupimwa kwa mtambo huu kabla hatujasema ni anasa ya matajiri.

Lakini mjenzi asituletee vipeperushi. Mkataba useme: siku ya majaribio, meli ikiwa imebeba mzigo, hewa iwashwe, mafuta yapimwe, hewa izimwe, yapimwe tena, njia ile ile na mwendo ule ule. Na yapimwe pia msimu wa kusi, kati ya Mei na Agosti, ziwa linapochafuka na meli kuyumba, maana hapo hewa hutoroka kama ilivyotoroka kwetu. Tofauti isipoonekana kwenye geji, mtambo ung'olewe na pesa irudi. Mimi mteja akisema gunia lina kilo pungufu, tunaliweka kwenye mizani mbele yake. Sioni kwa nini meli ya mabilioni ipimwe kwa maneno.

Boti zetu za mbao mapovu hayazihusu. Dawa yake haina picha nzuri kwenye simu. Mwaka juzi safari ya kwenda Ikola ilianza kugusa dumu la tatu ilhali siku zote mawili yalitosha. Nikamshuku nahodha, nikamshuku muuza petroli, tukanuniana wiki nzima. Boti ilipopinduliwa ufukweni, chini ilikuwa na ukoga wa kijani mrefu kama manyoya ya mbuzi. Ilikuwa imekaa majini miezi bila kuvutwa nje. Mwingereza William Froude alivuta mbao kwenye birika refu la maji miaka ya 1870, moja yenye vanishi, nyingine yenye mchanga, akaonyesha kwamba uso uliokwaruza huvutika kwa shida zaidi. Sisi tulilipia somo hilo kwa lita.

Siku ile vijana wawili walikwangua kwa panga butu na vipande vya bati toka asubuhi hadi adhuhuri, wakaziba nyufa kwa pamba iliyochovywa mawese, wakapaka rangi. Safari iliyofuata dumu la tatu lilirudi limefungwa. Siku hizi tunaivuta boti nje kila mwezi wakati wa mbalamwezi, dagaa wasipofuata taa na wavuvi wakiwa hawana kazi. Mpira wa bustani umekatwa vipande. Nahodha anafungia matenga.