Makaburi Yetu Hayana Wenyewe?



Pita penye makaburi katika miji yetu midogo ya pwani ya Kenya. Magugu yamefika kifuani, mbuzi wanalisha, ukuta umelala. Ukiuliza, utajibiwa: "Kaunti haijatoa pesa."

Ni kweli, Katiba ya 2010 imeyaweka makaburi mikononi mwa kaunti. Lakini yamewekwa fungu gani? Fungu la afya, pamoja na zahanati, gari za wagonjwa na uzoaji wa taka! Mji wenye mfuko mwembamba utaanza na nani: mgonjwa anayelia, au maiti asiyelalamika?

Wala dini yetu haikututaka gharama. Kaburi la Sunna ni udongo ulioinuliwa kiasi cha shibiri, basi. Jabir bin Abdillah amepokea, katika Sahihi ya Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza makaburi kupakwa chokaa na kujengewa. Na wanazuoni wetu wa Kishafii wameharamisha kujenga katika makaburi ya wakfu, kwani huwabania wengine nafasi.

Sisi je? Mwenye nacho humwagia kaburi la babake saruji na marumaru, na ukuta wa wote u chini! Saruji hiyo ingaliwasitiri maiti wangapi?

Kila mtaa na utoe asubuhi moja kwa mwezi, baada ya Alfajiri, kwa majembe na mapanga. Kila msikiti na uweke sanduku la ukuta. Usingoje kaunti: kesho mwenye kulala pale ni wewe.

Wabillahi tawfiq.